Jirani Asiyeitika

Huku Manga tunaitana kwa sauti kutoka mlima hadi mlima, na asiyeitika huonekana ana maringo. Jirani yangu haitiki. Huchuma chai yake peke yake, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa majani, midomo ikichezacheza bila kutoa neno. Kila mwezi hushuka kliniki kudungwa sindano ya kutuliza zile sauti anazosikia kichwani, na akirudi hupitia njia ya nyuma ya kanisa. Kwenye foleni ya kupima chai huacha nafasi ya mtu mmoja mbele yake. Hakuna anayeijaza.

Jumapili iliyopita nilimwita mara tatu kutoka ng'ambo ya ua aje tule matoke. Akaendelea kuchuma. Nikaudhika, nikazunguka ua, nikasimama mbele yake. Akaukazia macho mdomo wangu.

"Niite tena."

Nikamwita. Akacheka kidogo.

"Nesi aliniambia nisiitikie sauti kama sioni mdomo unaoitoa. Nimeshika hilo miaka sita."

Kisha akageuka kuutazama mlima wa pili, kikapu mgongoni.

"Kwa hivyo wengine walioniita walikuwa watu?"