Siku tulipowaficha wafanyakazi nyuma ya mawe ili mkaguzi wa mfuko asiwaone

Wakuu, poleni na majukumu.

Hiki kisa nimekaa nacho miaka mingi. Nitakisimulia kilivyotokea, hata pale ambapo mimi mwenyewe natia aibu. Jina la kampuni naliacha. Ilishakufa na wenyewe wametawanyika.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Ushirika ulikuwa umechoka, na kiwanda chake cha kuchambua pamba karibu na Shelui kikauzwa kwa mtu binafsi.

Mimi nilikuwa nimemaliza form four, nikapata ukarani pale. Leo mngeniita HR. Nilikuwa na meza moja, kabati la chuma na daftari kubwa la mahudhurio.

Kama hujawahi kufanya kazi kiwanda cha pamba, ngoja nikueleze kidogo. Nyuzi haziachi kuelea. Zinaingia masikioni, kwenye chai, kwenye kope. Jua likipita dirishani unaona hewa yote nyeupe, inatembea taratibu kama haina pa kwenda. Jioni watu wakitoka wote wanafanana, vijana kwa wazee, vichwa vyeupe. Mpaka leo nikifumba macho hiyo hewa naiona.

Sasa tuje kwenye daftari.

Watu saba tu tulikuwa na mikataba, kuanzia meneja mpaka mimi. Waliobaki, zaidi ya arobaini, niliagizwa niwaandike "kibarua wa siku". Kila asubuhi nafungua ukurasa mpya, naandika majina yaleyale, kana kwamba wamefika leo.

Kulikuwa na Mama Sifa, aliyekuwa anakusanya nyuzi chini ya mashine tangu enzi za ushirika. Kwenye daftari langu alikuwa mgeni kila siku.

Sababu niliijua. Sheria ilimtaka mwajiri awaandikishe wafanyakazi wake kwenye mfuko wa mafao, akate kidogo kwenye mshahara wao, aongeze sehemu yake na kuipeleka kila mwezi. Lakini mtu wa siku moja nani atamuulizia uzeeni?

Siku moja meneja akaniita.

"Kesho anakuja mkaguzi wa mfuko kutoka Singida mjini. Wewe wapeleke vibarua kule kwenye mawe, wapumzike. Siku yao italipwa. Ukiwafikisha, rudi unisaidie na makaratasi."

Mawe ya kwetu mnayajua, yale makubwa kama nyumba, yamepandana. Hata lori likijificha nyuma yake hulioni.

Asubuhi tukapanda. Wakuu, watu walifurahi! Kulipwa kwa kulala! Kina mama walibeba viazi vitamu na karanga za kuchemsha. Wengine wakajinyoosha kwenye jiwe lililoanza kupata joto, wakafunika uso kwa kofia. Upepo wetu wa Singida ukawa unazitoa nyuzi kwenye nguo zao, moja moja, zinapaa. Chini kule kiwanda kilikuwa kimya. Nilikuwa sijawahi kukisikia kimenyamaza namna ile siku ya kazi.

Nilikaa kidogo. Ukweli sikutaka kushuka. Kuna mtu alikuwa anaimba kwa Kinyiramba, sauti ya chini, na mimi nikahisi kama dunia imesimama, sina meneja, sina daftari.

Mama Sifa akaniuliza, "Mwanangu, kwani tunamkimbia nani?"

"Mkaguzi wa mfuko."

"Mfuko wa nini?"

Miaka yote ile hakuwahi kuambiwa. Basi nikamweleza: ukizeeka unalipwa, ukiumia kazini na usiweze tena kufanya kazi kuna haki zako, ukifa wanao wanapata kitu. Na kwamba sheria inamtaka bosi awaandikishe.

Watu wakaanza kufunua nyuso. Mzee Msengi, mtu wa injini, alikuwa amelala pembeni. Akainuka akasema, "Mimi nina kadi ya mfuko. Ushirika ulikuwa unanichangia. Tangu hawa waje hakuna aliyeniulizia kadi."

Nikaaga, nikashuka.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, viatu vimejaa vumbi la barabara. Meneja akamwambia mashine zipo kwenye matengenezo na wafanyakazi ni saba. Orodha ikawekwa mezani. Daftari langu lilikuwa limefungiwa kabatini.

Yule mama aliisoma orodha polepole, halafu akanigeukia.

"Wewe ndiye karani. Ni saba tu?"

Nilimtazama meneja. Nikafikiria nyumbani, nikafikiria kazi zilivyokuwa ngumu kupatikana.

"Ndiyo mama. Ni saba."

Ndiyo wakuu. Nilidanganya. Nilitoka kuwaeleza haki yao, na haikupita saa moja nikawafuta wote.

Yule mama alikuwa anafunga mkoba wake pale nilipoinua macho dirishani. Walikuwa wameshafika uani, wanakuja. Wameshuka kwenye mawe kwa mstari mmoja, hakuna kelele, hakuna anayekimbia. Mama Sifa na Mzee Msengi mbele. Nguo zao na nywele bado zina weupe, na jua lilikuwa nyuma yao. Nilidhani macho yananidanganya.

Mlango haukugongwa. Mzee Msengi aliingia, na mkaguzi akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mimi ni wa injini. Kadi yangu nimeiacha nyumbani, lakini namba naikumbuka."

Akaitaja. Akafuata Mama Sifa, akataja jina na mwaka alioanza kazi. Halafu mwingine. Meneja alijaribu kusema ni vibarua wa leo, mkaguzi akamjibu kwa utulivu, "Basi naomba daftari la jana. Na la mwaka jana."

Akaninyooshea mkono. Nikafungua kabati.

Tuliandika mpaka jua linazama, yeye anauliza, mimi naandika fomu. Mkono uliniuma, ila sikuomba kupumzika. Kampuni ililazimishwa kuwaandikisha wote na kulipa michango ya nyuma. Mimi nilifukuzwa wiki ileile. Kiwanda kilikuja kufungwa bei ya pamba ilipoanguka, ila majina yalishaingia.

Miaka mingi baadaye nilikutana na Mama Sifa kule Mandewa, Singida mjini, kwa binti yake. Amezeeka, anapata pensheni. Nikajikaza nikamwambia nilichomjibu mkaguzi siku ile.

Akacheka. "Dirisha lilikuwa wazi. Tulikusikia tangu tukiwa nje."



"Nilikukasirikia," akaendelea. "Halafu nikakumbuka ni wewe uliyeniambia mfuko ni kitu gani. Ungenyamaza kule juu, tungelala mpaka jioni."

Leo nina karakana yangu mtaa wa Utemini, hapa Singida mjini, vijana wanne. Wote nimewaandikisha, na kila mwezi nawaonyesha risiti, hata asiyeuliza.

Somo langu ni hili: usisubiri mkaguzi. Nenda ofisi za mfuko uulize kama jina lako lipo na michango inaingia. Na wewe mwajiri, mtu anayekuja kazini kila siku si kibarua wa leo.

Kama mwajiri amewahi kukuficha namna hii, au uliwahi kuwa karani kama mimi, karibu useme hapa. Hata uliyedanganya, karibu.