Maji ya Pikapu ya Babu

Juzi, pale bustani ya Mama Ngina, ufukweni Mombasa, niliona pikapu kuukuu ikikirushia kioo chake maji, nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni, kwetu mtaa wa Kibokoni. Babu alikuwa amefariki, na mama, bintiye, hakuwa amecheka tangu matanga. Baba alikuwa nje akifufua pampu ya kuoshea kioo cha pikapu ya marehemu. Hewa ilinukia sabuni na mpira uliochomwa na jua. Pampu ikakoroma, maji yakaruka mpaka barazani, yakamrowesha mama aliyeketi hapo.

“We baba Zuhura!” mama akafoka, akimwita kwa jina langu.

“Si mimi,” baba akasema. “Ni babako huyo.”

Mimi niliamini. Niliisogelea pikapu taratibu, nikasema, “Shikamoo, babu.”

Mama alicheka mpaka mtandio ukamdondoka.

Sasa najua kwamba matundu yale ya kurushia maji huelekezwa kwa ncha ya sindano, na kwamba baba alishinda mchana ule akiyaelekeza barazani, kwa mama.