Mvua ya Kahawa

Harufu ninayoikumbuka ni ya moshi wa majani makavu uliochanganyika na baridi. Mwishoni mwa kipupwe kule Iyula, ukifungua mlango asubuhi unakuta ukungu umelala juu ya mibuni kama mtu asiyetaka kuamka, na ndani yake moshi wa mashamba yanayochomwa bondeni. Tuliota jua tumeegemea ukuta wa jiko, mikono kwapani, midomo imepasuka. Halafu siku moja, na huwezi kusema ni ipi, unagundua umetoka nje bila sweta. Upepo umegeuka, unaleta vumbi badala ya ukungu. Miombo kule kilimani, ambayo haijaonja tone la maji kwa miezi, inatoa majani mapya, tena si ya kijani bali mekundu kama kitenge cha sikukuu. Mbayuwayu wanarudi kugombea nafasi chini ya paa la kanisa. Nyenje wanapiga kelele mchana kutwa. Nayaandika haya kwa mfuatano, lakini sina hakika kama yalikuja hivyo. Mimi niliishia darasa la saba, na kumbukumbu yangu si rula.

Mwaka ninaousema nilikuwa na umri wa kubeba ndoo ndogo bila kumwaga sana. Tuliishi kwa bibi, mama yake baba. Baba alikuwa Saza kwenye machimbo ya dhahabu, na habari zake tulizipata kwa wapita njia. Mama alizaliwa Chitete, huko chini kwenye joto, akaolewa akapanda huku kwetu kwenye baridi. Mavuno yaliyotangulia yalikuwa mabaya. Mbegu iliyobaki ilikuwa mahindi machache yaliyofungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa juu ya mafiga, moshi uyakinge na fukusi. Yale yakipotea hakuna mengine, na mwaka unaofuata hakuna ugali. Hata sisi watoto tulilijua hilo. Njaa ikitubana tuliyatazama kule juu, hatukuyagusa.

Bibi aliyagawa mafungu mawili: lake la shamba kubwa, na la mama la kipande cha mteremkoni. Ubishi ukaanzia hapo. Kwao mama mvua ni fupi, kwa hiyo miti ikishakuwa myekundu watu huzika mbegu kwenye vumbi, tone la kwanza liikute iko ndani. Kwetu Iyula mvua ya kwanza si ya mahindi. Ni ya kahawa. Inanyesha siku moja mbili, inaamsha maua ya mibuni, kisha inaondoka na jua linarudi kali kuliko mwanzo. Watu wa kwetu huiangalia tu ikipita, kama unavyoangalia basi lisilokwenda kwenu.

"Mama," mama alimwambia bibi huku akipepeta maharage, "miti imeshakuwa myekundu. Kwetu sasa hivi wamemaliza kupanda."

"Kwenu ni kwenu, Mama Sikitu. Huku miti inajipamba tu, haijaitwa na mtu."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, mama."

"Na haraka haraka je? Au huko Chitete hamkufika ukurasa huo?"

Walicheka wote wawili, lakini ungo wa mama ulisimama. Kwa desturi yetu mkwe hatii mbegu ardhini kabla ya mama mkwe wake. Mama alitia. Hakufanya kwa kificho, nataka niseme hilo kwa haki yake: alichukua jembe mchana, akapita mbele ya bibi, akaaga. Bibi alimtazama, akasema, "Nenda. Shamba ni lako, tumbo ni letu sote."

Mvua ikaja kweli. Tuliamka mibuni yote imechanua, nyeupe kutoka nyumba yetu hadi ng'ambo ya bonde, harufu yake tamu mpaka inaleta usingizi, nyuki wamechanganyikiwa. Kumbikumbi walitoka tukawakimbiza na mabeseni. Baada ya siku chache mahindi ya mama yalichomoza, na majirani wakipita walimtania, "Chitete imepanda mlima!" Mama alitembea shingo juu. Kisha mvua ikaondoka, kama ilivyo kawaida yake. Majani yakajikunja kama sigara. Tulichota maji chemchemi, mama na mimi, tukimwagia shina kwa shina, na ardhi ikayanywa kabla hatujageuka. Kwa haki, hayakufa yote. Yaliyokuwa kivulini mwa migomba yalibaki. Mengine yalikauka.

Siku kadhaa zikapita. Asubuhi moja bibi akayashusha mahindi yake, akakaa mlangoni mwa jiko, akayapukuchua, akagawa chungu mbili na kusukuma moja kwa mama.

"Mvua ya kwenu ilikuja na basi, imerudi na basi. Chukua. Tungoje hii yetu."

Mama alijifunika uso kwa kitenge. Nimewahi kumuuliza, anasema alikuwa anacheka. Mimi niliona mabega tu.

Mvua yetu ilikuja, wakapanda pamoja, mashimo yakiachana mbali kwa sababu mbegu haikutosha. Tulikula kidogo mwaka ule, lakini tulikula. Na yale ya chini ya migomba yalikomaa kabla ya ya mtu mwingine yeyote, katika mwezi ule ambao ghala hulia tupu. Hindi la kwanza kuchemshwa alipewa bibi. Alisema ni tamu, kisha akasema chumvi imezidi.

Sasa naishi Tunduma. Hapa mwisho wa baridi nautambua wauza mitumba wanapoyarudisha masweta chini ya fungu. Foleni ya malori ya kwenda Zambia haina majani mekundu, na moshi wake ni uleule mwaka mzima. Sisemi zamani ilikuwa bora. Zamani nililala njaa. Ila dalili zilikuwa na wenyewe, waliozigombania. Siku hizi mibuni huchanua vipande vipande, mvua inakuja na kuondoka bila mpango, na bibi alishafariki. Mama ndiye amebaki kwenye nyumba ile.

Wiki hii alinipigia. Iyula kumenyesha na mbegu ya dukani anayo, imo ndani ya mfuko.

"Simu yako inasemaje, Sikitu?"

"Inasema mvua, mama."

"Ya kahawa au ya mahindi?"

Nikasema simu haijui hilo. Akacheka.

"Shida yangu sasa," akasema, "hakuna wa kunikatalia."

Mimi shamba nimeliacha tangu ujana, nani atanisikiliza? Lakini nikajaribu. "Ngoja, mama."

Nilisikia upepo upande wake.

"Sema kwa ukali," akasema.