Korodani Yangu Mnadani Lagangabilili

Miaka ile kampuni binafsi za pamba zilipokuwa zikigombea wakulima, mimi nikiwa mnunuzi wa mojawapo hapa Bariadi, niligusa uvimbe mdogo, mgumu, kwenye korodani ya kushoto. Nilimwambia mke wangu peke yake. Mke wangu naye akamwambia mtu mmoja tu, baba yangu mdogo, mfugaji wa Lagangabilili. Kesho yake mzee alifika na fimbo yake, akafunga mlango.

"Vua," alisema. "Madume nimeyakagua tangu ujana wangu."

Nilikataa. Alikaa sebuleni hadi nilipokubali kwenda hospitali, na akaja nami. Daktari wa Bariadi alinipima kwa ultrasaundi. Akasema si busha, kuna kitu ndani ya korodani yenyewe, lakini hawezi kujua ni saratani au la. Alitushauri twende Dar es Salaam, kwenye hospitali binafsi iliyoleta mashine ya MRI.

Mtaalamu wa picha kule alikuwa binti mpole. Alitueleza kwamba mashine ile ni sumaku kubwa, na kwamba kuna picha moja inayoonyesha jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama. Yakitembea vizuri, ni dalili njema. Yakikwama, huenda seli zimebanana, na hapo saratani hushukiwa.

"Kwa hiyo unatafuta maji," alisema baba mdogo.

"Ndiyo, mzee."

"Basi hiyo kazi naielewa."

Alitaka kuingia nami. Binti akamwomba avue bangili za shaba mkononi. Hazikuvulika; alivalishwa akiwa kijana, mkono ukanenepa. Akabaki chumba cha pili, nyuma ya kioo.

Mimi nililazwa chali, taulo iliyokunjwa ikawekwa chini ya pumbu kuziinua, nyingine ikafunika juu, nikaambiwa nisitikisike. Mashine ikaanza kugonga kama watu wanaopiga bati. Niliogopa. Niliwaza watoto, na msimu wa pamba ambao huenda nisingeuona. Binti aliniona nahema kwa nguvu, akamruhusu mzee anitulize kwa kipaza sauti.

"Mwangaluka," ilisema sauti yake masikioni mwangu, kwa kilugha chetu.

Salamu ya mzee haiachwi hewani. Nikaitikia.

"Mhola?"

"Mhola duhu, baba," nikasema, salama tu.

Akaniuliza habari za mke wangu, ambaye tulikuwa tumeagana naye pamoja. Akaniuliza habari za ng'ombe. Sina ng'ombe. Kicheko kilinishika tumboni, taulo ikaporomoka, na picha zote zikatoka na ukungu. Binti alizima kipaza sauti, akapanga taulo upya, akarudia kazi tangu mwanzo.

Baadaye daktari alituita, akabandika filamu kwenye taa ya ukutani. Maji yalikuwa yanatembea bila shida. Alisema ni kifuko cha maji tu, hakuna haja ya kukata, nirudi kupimwa baada ya miezi kadhaa. Baba mdogo alinishika bega, machozi yakimtoka, halafu akamuuliza daktari kama mashine ile inaweza kuingiza dume la ng'ombe. Daktari alipima kwa macho, akasema pembe hazitapita.

Mzee ndiye aliyebeba bahasha ya filamu hadi nyumbani. Sikuifikiria tena, nikarudi kununua pamba.

Siku moja mkulima nisiyemjua alileta mzigo wake kituoni. Nilipokuwa napima, aliniangalia kwa huruma.

"Pole sana," alisema. "Lakini ya kulia ni nzuri kabisa."

Nikamuuliza ameijuaje.

"Tuliiona mnadani Lagangabilili. Baba yako mdogo alikuwa ameinyanyua picha yako kwenye jua, anatuonyesha maji yanavyotembea. Mimi sikuyaona, ila wazee waliokuwa mbele walisema wameyaona."

Nikamaliza kupima pamba yake. Ilikuwa safi, daraja la kwanza, nikamwambia hivyo.