Mgonjwa wa Karatasi

Mama aliogopa sindano kuliko alivyoogopa maumivu, na maumivu yenyewe yalikuwa yamemkunja vidole hadi hawezi kufunga kifungo cha gauni. Kwa hiyo pale hospitalini Arua, baada ya safari ya lori kutoka Koboko iliyonivunja kiuno, nilikunja mkono wa blauzi nikamwambia mtu wa maabara anitoe damu mimi kwanza, mama aone kwamba haiumi sana. Akanitoa. Na kwa kuwa damu ilishatoka, wakaipima pamoja na yake. Nisingekuwa na kiherehere, yote haya yasingenipata.

Majibu yalikuja yamepinduka. Mama, ambaye kila asubuhi nilimvisha mimi, damu yake ilikuwa safi. Yangu, niliyekuwa nabeba gunia la muhogo peke yangu, ilikutwa na alama ya ugonjwa wa viungo, ule uliomkunja mama vidole. Nilidhani wamebadilisha chupa. Wakapima tena, yakawa yale yale.

Daktari alikuwa kijana mpole, amechoka kama sisi. Alinibonyeza vidole na magoti, akaniuliza kama naamka nimekakamaa. Sikuwa na lolote.

"Basi wewe si mgonjwa," alisema. "Ndani ya damu kuna askari. Wakati mwingine wanageuka, wanapiga nyumba yao wenyewe. Askari wako wameonekana, lakini hawajapiga mtu. Pengine ni malaria iliyowaamsha. Watu wengi wanaishi nao hivi hivi mpaka uzeeni. Ukivimba viungo, rudi. Bila hivyo, hakuna dawa."

Kuhusu mama alisema karatasi safi ya maabara haifuti kitu. Ugonjwa yeye daktari anauona kwa macho yake, kwenye vidole vya mama. Akampa vidonge vya kumeza kila siku baada ya chakula.

Nilimwelewa. Lakini nyumbani ilinibidi nimweleze shangazi, dada yake baba, ambaye neno lake ndilo lilikuwa la mwisho kwetu. Ilikuwa miaka ya tisini, nasi ni nyumba ya wanajeshi. Wote tuliwahi kukimbia vita hadi Zaire na kurudi. Kuwaambia watu kama hao kwamba kuna askari wamegeuka, lakini watatulia kambini, ni kujitafutia kicheko.

"Askari gani anakaa bure?" shangazi aliuliza. "Hospitali imepima. Mama yako iko muzima. Wewe ndiyo mgonjwa."

Basi kiti cha mgonjwa, alichokuwa akikalia mama, nikapewa mimi. Majirani walikuja na sukari kunipa pole. Nikishika jembe, mtu ananinyang'anya. Na mama, kwa vidole vile, akarudishiwa mchi, ndoo na ufagio. Nilieleza asubuhi, nikaeleza jioni. Kuthibitisha kwamba u mzima kunachosha kuliko kulima, maana kadiri unavyosema ndivyo wanavyokuonea huruma. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema. Hili la shangazi lilikuwa zima kabisa, na bado halikusikia.

Kilichonikasirisha zaidi ni kwamba mama mwenyewe aliamini. Wiki zilipita, mikono ikazidi kuvimba, naye anasema ni uchovu wa kazi tu. Mchana mmoja nilimkuta kwenye beseni akikamua nguo zangu kwa viwiko, kwa sababu vidole vimekataa. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. Nikamuuliza kama amemeza dawa.

Akafungua kwa meno fundo la pembe ya kitenge chake. Vidonge vilikuwamo vyote.

"Karatasi yangu iko safi," alisema. "Hii iko ya wewe. Siku yako kama inafika, dawa iko. Huu ugonjwa mimi ndiyo nilikupa, mtoto yangu. Wacha nikupe na dawa."

Nilitaka kumtikisa, na papo hapo nilimpenda. Maneno ya daktari nilikuwa nayo yote kichwani, lakini nilikuwa nimechoka kuyasema. Nikaleta maji na muhogo wa kuchemsha, tukala.

"Sawa, mama," nikamwambia. "Mimi ni mgonjwa. Lakini peke yangu simezi."

Nikameza kimoja mbele yake, mimi nisiyeumwa popote. Alinitazama kooni mpaka kikapita, kisha akafungua mdomo, nikamtilia chake.