Waliotuandika

Juzi sokoni Ekerenyo nilimwona msichana akisoma hadithi huku akicheka peke yake, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu niliyoshindwa kabisa kutulia.

Mwalimu alikuwa ameniazima kitabu kilichonuka mafuta ya taa. Ndani mlichorwa msichana mweusi kama mimi, jina lake Moraa kama langu, akichuma majani chai na nyanya yake mkali. Moyo ulinienda mbio. Niliamini kuna mtu aliyekuwa akituchungulia uani na kuandika siri zetu. Nilikificha kitabu kikapuni, chini ya majani chai tuliyochuma asubuhi, nikazunguka nyumba nikimtafuta.

Nyanya yangu, ambaye hakujua kusoma, alikiona alipomwaga majani.

“Moraa, hiki ni nini?”

“Wametuandika, Nyanya!” nikalia.

“Hebu nisomee.”

Nilimsomea, nikimfafanulia kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani. Nilipofikia ukali wa yule nyanya wa kitabuni, nikafunua haraka ukurasa uliofuata.

“Hapo pia soma.”

Nikasoma. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Leo najua mwandishi hakutujua. Lakini siku ile Nyanya aliuliza neno “nyanya” liko wapi. Nilipomwonyesha, aliliwekea kidole, akakaa hivyo kwa muda mrefu.