Mlango wa Bibi

Harufu ya mafuta ya nazi kwenye mbao iliyopigwa na jua hunirudisha kijijini Quionga, kwa Bibi, mama yake baba. Kila Ijumaa alichovya kitambaa kwenye mafuta aliyoyapika mwenyewe, akaupaka mlango wake kutoka juu, nami nikipaka pale chini nilipofikia. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo tu, lakini mlango ule wa mninga aliurithi kwa mama yake, na kwao mlango wa mwanamke hauhamishwi akiwa hai. "Ukiuona umetoka," aliniambia akicheka, "jua na mimi nimetoka, nimebebwa kwenye jeneza."

Likizo moja baba, karani wa serikali mjini Palma, alikuja kutuchukua wote wawili. Siku chache tu, alisema, Bibi atazamwe macho. Bibi akasita. "We Abudu, usije ukanifunika kwako kama kuku kwenye tenga."

"Calma, mama, tulia. Siku chache."

Nilimwamini baba kuliko Bibi alivyomwamini. Bibi alifunga mlango, akafundika ufunguo kwenye pindo la kanga.

Macho yalitazamwa, wiki zikapita. Kila Bibi alipouliza safari, baba alisema gari bovu. Alasiri moja pikapu ikaingia uani, na mafuta yale niliyanusa kabla sijaona kitu. Nyuma ya pikapu mlango ulikuwa umelazwa juu ya boriti za nyumba yake. Baba alieleza kwa upole kwamba mama hawezi tena kuishi peke yake, na kama nyumba isingebomolewa, asingeacha kung'ang'ania kurudi. Bibi hakulia. Alifundua pindo, akamwekea ufunguo mkononi.

"Haya, fungua."

Baba aliutia mlango ule kwenye chumba alichompa. Bibi alikula vizuri, alivaa vizuri, na majirani walimsifu baba hadi tulipomzika. Mafuta hakupika tena. Nimesoma hadi chuo kikuu na sijaona nani aliyeamua kwamba kumtunza mzazi ni kumwondolea pa kurudi.

Sasa mama yangu amefariki, baba ni mzee, nami naishi Pemba, mji mkubwa ulio kusini mwa Palma. Juzi nilimwambia aje kwangu siku chache, atazamwe magoti. Nilimaanisha siku chache. Alikubali upesi mno. Nilipofika Palma na gari kumchukua, nilimkuta barazani na kapu lake, chumba cha Bibi nyuma yake kiko wazi. Mlango ameshaung'oa, ameulaza kando ya njia, unang'aa mafuta.

"Huu naenda nao," alisema bila kunitazama.

Tukaupakia.